Kwa Nini Barua Yako Inahama



Ukitaka kujua mtu anachapaje, usimtazame vidole. Msikilize. Ingia papeteri yoyote ya hapa Kigali, yaani duka la kuchapisha na vifaa vya kuandikia, iwe Nyabugogo karibu na stendi ya mabasi, iwe Remera, iwe kule Biryogo, ukae kwenye benchi la wateja. Kijana wa kompyuta akifika mahali pa kuweka tarehe upande wa kulia wa barua, utasikia tak-tak-tak-tak-tak, mfululizo, bila kupumua. Ni kile kitufe kirefu cha chini, kitufe cha nafasi. Tarehe inasukumwa kwa kidole gumba kutoka kushoto mpaka kulia. Ikifika, kelele inakoma, kijana anaegemea kiti, mteja anachungulia skrini na kuitikia kwa kichwa. Imekaa vizuri. Inaprintiwa, fedha inalipwa kwa MoMo, yaani kwa simu, kila mtu anashika njia yake.

Barua hiyo ikiishia kwenye karatasi, hakuna neno. Matata huanza pale inapobaki kuwa faili. Mteja anatumiwa kwa WhatsApp, usiku anaifungua kwenye simu, anakuta tarehe imekatika katikati: siku na mwezi huku, mwaka umeanguka mstari wa chini, upande wa kushoto kabisa. Kesho yake anaipeleka papeteri nyingine ili jina la mpokeaji libadilishwe. Linaongezwa neno moja tu, na barua nzima inahama. Mstari wa "Impamvu", yaani wa kuhusu, unapinda, mahali pa sahihi panakwenda ukurasa wa pili peke yake, na ile orodha ya mwisho inayoanza na "Bimenyeshejwe", ya wanaopewa nakala, haijulikani iko wapi. Mteja anamlaumu kijana wa pili, kijana wa pili anailaumu kompyuta, na yule wa kwanza aliyepiga tak-tak-tak hayupo kujibu.

Basi leo tuzungumze juu ya programu za kuandikia, hizi zinazokuonyesha ukurasa kwenye skrini ukiwa na sura ileile utakayotoka nayo kwenye printa. Mjini hapa Word ndiyo inayotajwa zaidi. Wapo wanaotumia LibreOffice, ambayo haiuzwi, wapo wa Google Docs, na kwenye simu wengi wana WPS. Mengi nitakayoyasema yanazihusu zote. Najua utasema: jambo la macho unatuelezea kwa masikio? Naona redio inafaa kabisa, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni kwamba tumeyaamini macho kupita kiasi.

Maana yake ni hii. Skrini inakuonyesha sura, lakini faili linabeba maagizo. Ukisukuma tarehe kwa nafasi arobaini, macho yako yanaona "tarehe iko kulia". Faili halijui kulia wala kushoto. Faili limeandika: weka nafasi, weka nafasi, weka nafasi, mara arobaini, kisha tarehe. Likifunguliwa kwenye mashine yenye herufi za aina nyingine, au kwenye simu ambayo upana wake ni wa kiganja, nafasi arobaini zinakuwa na urefu mwingine, na tarehe inaangukia popote itakapoangukia. Ni kama mzigo wa ndizi juu ya baiskeli ulioushikilia kwa mkono badala ya kuufunga kwa kamba: kwenye tambarare utafika, lakini wewe na mimi tunajua nchi hii ina vilima vingapi. Kamba, katika programu hizi, ni agizo. Unaiweka alama ya kuandikia, yaani kishale kinachopepesa, ndani ya mstari wa tarehe, unabonyeza kile kidude cha juu chenye vistari vilivyoegemea kulia. Basi. Sasa faili limeandika "mstari huu ukae kulia", na utakaa kulia kwenye karatasi, kwenye simu, na kwenye kompyuta ya afisa wa sekta.

Ukitaka kuyaona maagizo yaliyojificha, kuna kidude kimoja ninachokipenda kuliko vyote, na watu wengi hawajakigusa maishani. Kinafanana na herufi P iliyogeuzwa ikatazama kushoto, yenye miguu miwili. Kibonyeze. Ghafla ukurasa unajaa vidoti na alama. Kila kidoti kati ya maneno ni nafasi moja. Kila ile P iliyogeuka ni mahali ulipobonyeza Enta. Mshale mdogo unaotazama kulia ni kile kitufe cha mishale miwili kilicho upande wa kushoto, juu ya kitufe cha kufungia herufi kubwa. Fungua barua yako yoyote ya zamani ufanye hivyo, na historia yote ya mchapaji utaiona: hapa alisukuma, hapa alichoka, hapa alibonyeza Enta kumi na tano ili afike ukurasa wa pili. Hizo Enta kumi na tano ndizo zinazosababisha sahihi kukimbia ukiongeza neno juu. Ukitaka ukurasa mpya, shika kitufe cha Kontroli, kile kilichoandikwa C-t-r-l, ubonyeze Enta mara moja. Umeagiza: kuanzia hapa, ukurasa mwingine. Hata ukiongeza maneno mia juu yake, kinachofuata kitaendelea kuanza juu ya ukurasa wake.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu haya yote yana wenyewe. Zamani aliyeandika kwa kompyuta aliona maneno yaliyochanganyika na alama za maagizo, na sura ya ukurasa aliijua karatasi ikishatoka. Mwaka 1974, kwenye maabara ya kampuni ya Xerox pale Palo Alto, California, Butler Lampson, Charles Simonyi na wenzao walitengeneza programu iliyoitwa Bravo. Ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuonyesha herufi nzito zikiwa nzito na za mlalo zikiwa mlalo, palepale kwenye skrini. Lakini Bravo ilikuwa na hali mbili. Katika hali moja ulichopiga kiliandikwa. Katika nyingine kila herufi ilikuwa amri. Kuna kisa chake ambacho wataalamu wanakisimulia hadi leo. Mtu anataka kuandika neno la Kiingereza "edit", lakini amesahau kwamba yuko katika hali ya amri. Anapiga e: mashine inachagua maandishi yote. Anapiga d: mashine inafuta. Anapiga i: mashine inajiandaa kupokea maandishi mapya. Anapiga t, na kazi yake ya siku nzima imekuwa herufi moja, t.

Kilichofuata ni ubishi wa mtu mmoja aliyeitwa Larry Tesler, aliyechukia hali hizo kwa moyo wake wote. Yeye na Tim Mott walitengeneza programu nyingine, Gypsy, kwa ajili ya wahariri wa vitabu vya shule wa kampuni ya Ginn, watu waliozoea kukata karatasi kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi. Kata, nakili, bandika tunazozitumia leo zimepita humo. Simonyi naye alihamia Microsoft, na mwaka 1983 ikatoka Word ya kwanza. Tesler alifariki Februari 2020, na kila unapohamisha aya kutoka juu kwenda chini unafanya kazi kwa namna aliyoipigania.

Lakini hali mbili hazijaisha kabisa. Je, imewahi kukutokea unaongeza neno katikati ya sentensi, na kila herufi unayopiga inakula iliyo mbele yake? Hapo hakuna virusi. Umegusa kitufe cha "Insert", mara nyingi kiko jirani na kile cha kufutia. Kiguse tena, herufi zitaacha kulana.

Kuhariri kwenyewe kunaanza na kuchagua. Mashine haijui unazungumzia neno gani mpaka ulionyeshe. Bofya neno mara mbili kwa kipanya, limechaguliwa. Bofya mara tatu, kwenye Word ni aya nzima. Au shika Shifti ukitembea na vitufe vya mishale, rangi itafuata. Ukishachagua, ndipo unapoagiza: iwe nzito, ihame, ifutwe. Wengi hufanya kinyume, wanabonyeza kidude cha herufi nzito kwanza wakishangaa kwa nini kichwa cha barua hakibadiliki.

Hapa inabidi niseme jambo la Kigali hasa. Mji wetu ni wa kibodi mbili. Kuna zile za Kiingereza, zinazoanza Q, W, E, R, T, Y, na kuna za Kifaransa, zinazoanza A, Z, E, R, T, Y. Shule zilipoagizwa kuhamia Kiingereza mwaka 2008, kibodi za Kifaransa hazikuyeyuka, ziko bado kwenye ofisi na papeteri. Kijana aliyezoea moja akikaa mbele ya nyingine anaandika "Kigqli". Kwenye ya Kifaransa, tarakimu zinahitaji Shifti, hata nukta inahitaji Shifti. Alama ya anwani ya barua pepe, ile a iliyozungukwa, iko kwenye sifuri kama kibodi ni ya Ufaransa, na iko kwenye mbili kama ni ya Ubelgiji, zote kwa kushika kitufe cha AltGr kilicho kulia kwa kile kirefu. Mpaka mtu aijue hiyo, amekwishanakili alama kutoka barua nyingine akaibandika, na simlaumu, kwani hata hiyo ni akili.

Njia za mkato nazo zinafuata lugha. X ya kukata, C ya kunakili, V ya kubandika zimekaa jirani kwenye kibodi zote mbili, ukishika Kontroli mkono mmoja unatosha. Z, ya kutendua, ndiyo inayohama: kwenye ya Kiingereza iko chini kushoto, kwenye ya Kifaransa iko mstari wa juu, ya pili. Na ukitaka herufi nzito, Word ya Kiingereza inataka Kontroli na B, lakini Word ya Kifaransa inataka Kontroli na G. Mchapaji anayehama papeteri kila miezi michache anabeba vidole vya lugha mbili.

Ukiniuliza ni amri ipi nimfundishe mtu kwanza kabla ya zote, nitasema hiyo ya Z. Kutendua. Nimewaona watu wazima, wakuu wa familia, wanaogopa kugusa kompyuta kama vile itawapiga. Mzee mmoja akija na wasia wake uandikwe, anakaa mbali na kibodi asije akaharibu. Mwambieni mzee: aya nzima ikifutika kwa bahati mbaya, usipige kelele, usibonyeze kingine, shika Kontroli piga Z, itarudi. Piga tena, utarudi nyuma hatua nyingine. Mtu akishajua kwamba kosa linarudishwa, hofu inamtoka, naye anaanza kujaribu. Bila kujaribu hakuna aliyejifunza programu hizi, hata hao vijana.

Kuna mengine ambayo mashine inayafanya bila kuagizwa, nayo yanatuudhi sisi tusioandika Kiingereza. Programu imewekwa Kiingereza, unaandika Kinyarwanda, "i Kigali", "i Huye", ile i ndogo ya mahali. Mashine inadhani umeandika "mimi" kwa Kiingereza, na Waingereza "mimi" yao huwa herufi kubwa. Kila i yako inasimamishwa kuwa I. Unarudi, unairekebisha, unaendelea, inageuza nyingine. Barua nzima ya Kinyarwanda au ya Kiswahili inapigiwa mistari myekundu kama daftari la mtoto aliyefeli. Wengine wanaamini wamekosea kweli, wanabadilisha tahajia yao iliyo sahihi ili mstari uondoke! Usibadilishe. Iambie programu ni lugha gani unaandika. Chagua maandishi yote kwa Kontroli na A, nenda kwenye sehemu ya kuhakiki, tafuta lugha: Kiswahili kimo, Kinyarwanda kimo. Usipopata kamusi yake kwenye mashine hiyo, kuna kisanduku cha kuiambia isikague tahajia. Kiweke alama, wekundu utakoma.

Kwa Kiswahili, jitihada za kuifanya mashine izungumze nasi si za jana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili kuanzia juu mpaka chini. Mbona hatukuiona ikitapakaa papeteri za ukanda huu? Maoni yangu ni kwamba mchapaji wetu hasomi menyu. Amekariri mahali. Anajua kidude cha tatu kutoka kushoto kinafanya nini, lugha iliyoandikwa juu yake haimhusu. Umpe menyu ya lugha ya mama yake, ataona umemvurugia nyumba. Ndiyo maana nasisitiza kujua agizo lenyewe linafanya nini. Mahali pa vidude panabadilika kila toleo.

Nije kwenye tafuta-na-badilisha. Amri hii ni tamu, na ni ya hatari. Wakumbuke wale waliokuwa wakichapa mwaka 2006, mikoa 12 ilipopunguzwa ikawa mitano ukihesabu na Jiji la Kigali, na miji ikapokea majina mapya: Butare ikawa Huye, Gitarama ikawa Muhanga, Ruhengeri ikawa Musanze, Gisenyi ikawa Rubavu. Mtu ana wasifu wake wa kuombea kazi, kurasa nne, Butare imetajwa kila mahali. Shika Kontroli na H, juu andika Butare, chini andika Huye, bonyeza badilisha zote, sekunde moja kazi imekwisha. Lakini cheti chake cha shule bado kimeandikwa Groupe Scolaire Officiel de Butare, na shule haikubadilishwa jina kwa sababu mashine ilibadilisha. Sasa wasifu unasema jambo moja na cheti kingine, na anayepokea maombi ana haki ya kuuliza.

Mwaka 2014 yalikuja maelekezo mapya ya tahajia ya Kinyarwanda. Cy na jy mbele ya i na e ziliondolewa, "umujyi" ukaandikwa "umugi", "icyemezo" ikawa "ikemezo". Wako waliokubali, wako waliokasirika, na mpaka leo utaona mabango ya namna zote mbili. Siingii kwenye ubishi huo. Ninachosema ni kwamba ukimwagiza mchapaji abadilishe "cye" zote ziwe "ke" katika orodha ya wanafunzi, binti aitwaye Icyeza atakuwa Ikeza bila kuulizwa, na jina la mtu ni lake.

Mfano wa Kiswahili ni rahisi zaidi. Una hadithi uliyoiandika, umeamua mhusika asiitwe mama, aitwe dada. Badilisha zote. Kisha soma: "Dada alisidada mlangoni." Mashine imekuta "mama" ndani ya "alisimama" ikaibadilisha pia, na haina kosa, imefanya ulichosema. Dawa iko kwenye dirisha lilelile: weka alama kwenye kisanduku cha "neno zima tu". Na kama maandishi ni ya maana, usibonyeze badilisha zote. Bonyeza badilisha, moja baada ya nyingine, ukitazama kila moja. Ni kazi ya dakika tano zinazookoa aibu.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo mimi huliona ndilo mtihani wa mchapaji wa Rwanda. Chukua Gazeti Rasmi la Serikali, lile linalochapisha sheria. Fungua sheria iliyopangwa kwa lugha tatu sambamba. Ukurasa una safu tatu: Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa. Ingingo ya mbere ya Kinyarwanda imeanza mstari uleule na kifungu cha kwanza cha Kiingereza na kile cha Kifaransa. Kifungu cha pili vilevile, cha tatu vilevile, mpaka mwisho, ingawa Kifaransa kinakula mistari mingi na lugha nyingine michache. Vyama vya ushirika, mashirika ya hiari, kampuni ndogo, wote wakiandika katiba zao wanataka ziwe na sura hiyo.

Mchapaji wa tak-tak anajaribu kwa nafasi. Hafiki kifungu cha pili kabla ya kukata tamaa. Mchapaji aliyeendelea kidogo anatumia safu za kigazeti, ile amri ya kugawa ukurasa mara tatu. Inaonekana kama ndiyo, kumbe siyo. Safu za kigazeti hutiririka: maandishi yakijaza ya kwanza mpaka chini, yanapanda kuanza ya pili. Ukiongeza sentensi moja kwenye Kinyarwanda, mwisho wake unamwagikia kwenye Kiingereza, na Kiingereza kinasukumwa kwenye Kifaransa. Lugha tatu zinachanganyikana kama abiria wa basi la saa kumi na mbili jioni, na hakuna wa kuzitenganisha.

Kinachotakiwa ni jedwali. Safu tatu za wima, na kwa kila kifungu cha sheria mstari wake mmoja wa mlalo. Kinyarwanda cha kifungu cha tano kikirefuka, chumba chake kinarefuka, na vyumba viwili vya pembeni vinarefuka pamoja nacho. Kifungu cha sita kinashuka kwa lugha zote tatu kwa pamoja. Kisha unaondoa mistari ya mpaka isionekane kwenye karatasi, na mtu akishika ukurasa hajui kama kuna jedwali ndani. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017. Siku mtu akitaka safu ya nne, mwenye jedwali atabofya kitufe cha kulia cha kipanya, aongeze safu, aanze kutafsiri. Mwenye nafasi ataanza upya tangu ukurasa wa kwanza.

Jedwali hilohilo lisiloonekana ndilo dawa ya sahihi mbili za mwisho wa barua, mwenyekiti kushoto na katibu kulia. Mstari mmoja, vyumba viwili. Hutasikia tena tak hata moja.

Wanafunzi wa chuo kikuu mnaomalizia tasnifu, kwenu nina neno fupi tu. Orodha ya yaliyomo haiandikwi kwa mkono, na vile vidoti vinavyokwenda hadi namba ya ukurasa havipigwi kimoja kimoja. Kila kichwa cha sura kipe mtindo wa kichwa, ule ulioandikwa kichwa cha kwanza, kichwa cha pili, uliopo juu ya ukurasa. Usikinenepeshe tu kwa macho kikaonekana kichwa. Ukishafanya hivyo, programu inaijua sura yako, itaandika orodha yenyewe na kurasa zake, na msimamizi akikurudishia kazi usiku wa mwisho, utabofya orodha kisha uiagize ijisahihishe.

Karatasi pia. Programu nyingi zimezaliwa Marekani, na zikiachwa zilivyokuja zinadhani karatasi yako ni ya kwao, milimita 216 kwa 279. Rimu za hapa ni A4, milimita 210 kwa 297. Kama printa inakata ukingo au inaacha weupe usioelezeka chini, tazama ukubwa wa karatasi kabla ya kumwita fundi.

Na umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba ikizimika, kazi ambayo hukuihifadhi imezimika nayo. Word hujiwekea akiba ya dharura kila dakika kumi kama haijabadilishwa, lakini katika dakika kumi mchapaji mzuri ameandika ukurasa. Kontroli na S, kila mwisho wa aya, iwe kama kumeza mate. Ukimaliza, tunza mafaili mawili: moja la kuhariri, jingine la PDF la kutuma. PDF haihami. Tangu Irembo, jukwaa la huduma za serikali mtandaoni, lilipoanza mwaka 2015, na sasa hata maombi ya kazi za serikali yanapitia mtandaoni, barua yako itafunguliwa na watu usiowajua kwenye mashine usizozijua, kwa hiyo usiwatumie faili ambalo linaweza kubadilika njiani.

La mwisho, na hili ni kwa mteja zaidi kuliko kwa mchapaji. Umeandikiwa wasifu kwenye papeteri. Ndani yake kuna jina lako kamili, simu, jina la baba na mama, na ile namba ya indangamuntu, yaani ya kitambulisho, yenye tarakimu 16. Umelipa, umechukua karatasi, umeondoka. Faili je? Liko palepale kwenye skrini ya mbele, kati ya mafaili mia ya watu wengine, na mteja wa baada yako akikaa kwenye kiti kile analiona jina lako kabla hajaliona la kwake. Wenye papeteri wengine wanatumia wasifu wa jana kama kiolezo cha wa leo, wanafuta jina na kuandika jingine, na wakisahau mstari mmoja, namba ya simu ya mtu mwingine inakwenda na maombi yako. Rwanda ina sheria ya kulinda data binafsi tangu Oktoba 2021, lakini sheria haitakuja kukufutia faili Nyabugogo.

Kwa hiyo kabla hujasimama, mwambie kijana kwa heshima: nitumie nakala kwa barua pepe yangu, ya kuhariri na ya PDF. Ifungue kwenye simu yako uhakikishe imefika. Kisha mwombe afute ya kwake mbele yako, na aondoe pia kwenye kile kikapu cha taka, kwa sababu kufuta mara moja ni kuhamishia humo tu. Kama aliituma kwa WhatsApp ya papeteri, na huko pia aifute. Hatakasirika. Na akikasirika, zipo papeteri nyingine mtaa huohuo.

Juma lijalo, majedwali ya hesabu za ushirika. Jioni njema.